Injini Kubwa Haitakuokoa

Ukiniambia ndege yako ya modeli haina nguvu, mimi sitakuuliza cc. Nitakuuliza inakaa aje kwa vidole viwili. Weka ncha ya kidole chini ya kila bawa, pale plani inapoonyesha alama ya kitovu cha uzito, kisha inua. Ikilala sawa, tuendelee kuongea. Pua ikizama, ama mkia ukizama, hiyo stori ya nguvu weka kando kwanza.

Najua mada hii haina utamu. Hakuna msee hupost video akipima uzito wa injini. Video ni za ndege ikipanda wima, moshi nyuma, watu wakipiga mayowe. Ndio maana ukifika uwanjani Jumapili ushauri ni ule ule: "Buda, weka kubwa." Ni ile akili ya kuifunga Vitz egzosi ya Subaru, tofauti ni kwamba Vitz itakupigia tu kelele. Haitaanguka kutoka juu.

Tuchukue ndege ya kujifunzia ya mbao za balsa, kilo 2.4, iliyochorewa injini ya 40. Hiyo 40 ni 0.40 ya inchi ya ujazo, karibu cc 6.5. Mtu anashauriwa aweke ya 60, karibu cc 10, ndio "asijutie baadaye". Ukiweka pamoja na egzosi zao, tofauti ya uzito kati ya injini hizo mbili inaweza kufika gramu 250. Gramu 250 ni nini? Ni nusu ya pakiti ya majani chai ya nusu kilo. Lakini angalia imekaa wapi. Imening'inia puani, tuseme sentimita 25 mbele ya kitovu. 250 mara 25 ni 6,250. Mkia uko sentimita 75 nyuma, kwa hivyo kurudisha mizani unagundisha pale gramu 83 za risasi, ile risasi wavuvi hufunga kwa mshipi. Tayari umeongeza gramu 333 na bawa ni lile lile.

Na haiishii hapo. Injini kubwa inakunywa, kwa hivyo tanki kubwa. Propela kubwa inataka nafasi chini, kwa hivyo miguu mirefu na waya nene. Ukuta wa mbele unaoshika injini lazima uimarishwe. Kilo 2.4 inafika kilo 3 ukicheka. Kasi ambayo bawa linaacha kubeba hupanda kwa kipeo cha pili cha uzito kikigeuzwa, yaani kwa mzizi wake: uzito ukiongezeka robo, kasi hiyo inaongezeka kama asilimia 12. Kwa mtu wa miaka kumi kwa huu mchezo, hiyo ni kurekebisha mkono tu. Kwa mwanafunzi anayetafuta kutua mara ya kwanza, jasho likimwingia machoni, ni tofauti ya kurudi nyumbani na ndege ama na mfuko wa vijiti.

Kuna kitu kingine vidole havitakuonyesha. Risasi mkiani na chuma puani zinaweza kusawazika poa kabisa, lakini sasa ndege ni kama mtu aliyebeba ubao mrefu begani, mtungi wa maji kila ncha. Kumgeuza ni kazi. Akishaanza kugeuka, kumsimamisha ni kazi zaidi. Hiyo ndiyo ndege utasikia ikiitwa "mkaidi".

Upande wa pili ni mbaya kuliko huu. Siku hizi wengi wanang'oa injini ya mafuta wanaweka mota ya umeme. Sawa, napenda pia, haichafui. Lakini mota ni nyepesi, na betri ikitupwa mahali popote palipo na nafasi, mkia unakuwa mzito. Ndege yenye pua nzito inaruka vibaya. Yenye mkia mzito inaruka mara moja. Hayo si maneno yangu, ni ya wazee wa mchezo. Kitovu kikisogea nyuma kupita kiasi, ukigusa elevata kidogo pua inaruka juu kama imechomwa sindano. Unaisukuma chini, inazama. Sekunde 4 hivi za kufukuzana, basi.

Modeli nyingi za kawaida hutaka kitovu kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 28? Kati ya sentimita 7 na 9 na kidogo. Anza mbele. Na ndege ya mafuta ipimwe tanki likiwa tupu, kwa sababu tanki liko mbele ya kitovu: mafuta yakiisha, pua inapungua uzito na kitovu kinarudi nyuma. Wengi hupima likiwa limejaa, halafu wanashangaa dakika ya kumi.

Kinachoniudhi zaidi ni kinachofuata ajali. Ndege iko chini vipande vipande, mwenye alisave miezi kuagiza injini kutoka nje ameshika bawa moja, na yule yule aliyemshauri anasema, "Hujui kurusha." Mkono unahukumiwa. Meza ambayo ndege iliharibikia haitajwi.

Na msifikirie hii ni tabia ya uwanja wetu peke yake. Boeing ilipotaka injini zisizokula mafuta sana kwenye 737, muundo ambao uliruka mara ya kwanza 1967, injini mpya zilikuwa pana mno kukaa pale za zamani zilikaa. Zikasogezwa mbele na juu. Ndege ikapata tabia ya kutaka kuinua pua zaidi ikiwa imeshaiinua sana. Hilo si suala la kilo tu, ni la hewa inavyopita kwenye maganda ya injini, lakini dawa iliyochaguliwa ni ndugu ya risasi yetu ya mkiani: programu ya kusukuma pua chini, iliyosikiliza kihisi kimoja. Oktoba 2018, Lion Air, watu 189. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi, watu 157, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Na hata hapo walikuwepo waliokimbilia kusema ni marubani.

Sasa nasikia mtu akisema, "Lakini wale wa sarakasi wanaweka mota kubwa na wanaruka fiti." Kweli. Ndege zao zimechorewa hiyo mota tangu mstari wa kwanza: pua fupi, mbao nyepesi, betri inayoteleza mbele na nyuma. Kwa umeme, ndege ya kujifunzia inatosheka na wati 150 hadi 200 kwa kilo. Wa sarakasi kali wanapita 300. Kuchukua namba ya huyo na kuifunga kwa ndege ya yule si ujasiri.

Kwa hivyo fanya hivi. Soma plani, chagua injini ndani ya kiwango ilichotaja, na ukiwa kati ya mbili, chukua inayokupa mizani. Kabla ya kugundisha chochote, sogeza betri, risiva, hata servo. Risasi ije mwisho, na ikizidi gramu 50, rudi uiangalie injini tena.

Na nyinyi mnaouza: andikeni uzito. Nimeuliza muuzaji injini yake ina gramu ngapi, akanijibu, "Hii ni moto, boss." Propela inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika inapita juu ya watoto waliokaa kwa nyasi wakitazama, na aliyeiuza hajui inapima nini.

Jumapili nakuja na mizani ya jikoni, ile ya kupima unga. Leta injini yako kabla hujaifunga. Ni bure.