"Kuvu Nyeusi": Jina Linalochelewesha Tiba

Ni jambo lisilopingika kwamba jina la ugonjwa ni sehemu ya tiba yake. Mgonjwa aliyepewa jina potovu hutafuta dalili ambazo bado hazijafika na kuzipuuza zilizokwisha kufika. Mwaka 2021, wimbi la pili la korona nchini India lilifuatwa na mlipuko wa mukomikosisi, maradhi ya kuvu ambayo kwa kawaida ni adimu. Kufikia mwisho wa Juni mwaka huo, serikali ya nchi hiyo ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 40,000. Wengi wao walikuwa na kisukari, au walikuwa wametibiwa kwa dawa za steroidi ambazo hudhoofisha kinga ya mwili. Vyombo vya habari vya ulimwengu viliupa ugonjwa huo jina la rangi, nacho Kiswahili kikalifasiri neno kwa neno: kuvu nyeusi.

Jina hilo lina kasoro kubwa. Weusi unaotajwa si wa kuvu yenyewe. Mbegu zake ndogo mno zimo udongoni na katika majani yaozayo, na watu huzivuta puani kila siku bila kudhurika. Lakini sukari inapozidi na damu kuingia asidi, chembechembe nyeupe hulegea, na madini ya chuma yaliyomo katika damu huachiliwa yakawa chakula cha kuvu. Hapo kuvu hupenya mishipa ya damu na kuiziba. Nyama iliyokosa damu hufa, na nyama hiyo iliyokufa ndiyo nyeusi. Weusi, basi, ni dalili ya kuchelewa.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye kisukari aliyeonywa dhidi ya kitu cheusi ataungojea weusi, ilhali dalili za mwanzo ni nyingine: pua kuziba, uso kuvimba na kuuma upande mmoja, jicho kuuma, kuona vitu viwiliviwili. Dalili ya mvua ni mawingu. Akiwahi hospitalini, huweza kuokolewa kwa dawa ya amfoterisini, kwa upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa na kwa kushushwa sukari yake. Akingoja, huenda akapoteza jicho au uhai. Isitoshe, jina hilo huzua hofu ya kuambukizana, ingawa ugonjwa wenyewe hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu.

Wapo watakaodai kwamba maradhi adimu hayastahili kuwashughulisha wanaisimu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, 19 kwa jumla. Kuvu za mukomikosisi zimo. Katika kundi la juu kabisa imo kriptokokasi, inayowaua kwa homa ya uti wa mgongo watu wengi wenye UKIMWI barani Afrika.

Wengine watasema majina ya Kilatini yanatosha. Yanawatosha madaktari, naam, lakini hayamwelezi chochote mama wa kijijini mwenye kisukari. Neno UKIMWI linatoa funzo bora. Upungufu wa Kinga Mwilini ni jina na maelezo kwa pamoja: anayelitamka amekwisha kuelezwa kiini cha ugonjwa. Kwa msingi huohuo, "kuvu vamizi" lingefaa kuliko "kuvu nyeusi", kwa kuwa linataja tendo la kuvu badala ya rangi ya mauti. Mukomikosisi lingebaki kuwa jina la kitaalamu la aina moja ya kuvu hizo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 43 kimempa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya. Haki hiyo ya pili haiwezi kutimia ikiwa maonyo ya daktari hayaeleweki. Hapana budi wanafunzi wa Kiswahili na wenzao wa udaktari waketi pamoja, waunde istilahi hizi, kisha wazijaribu kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuzitia kamusini. Istilahi isiyomfikia mgonjwa mapema haijamfaa kitu.