Shilingi 6,000 kwa mwaka hazimsomeshi mtoto wa Ngara

Serikali humtengea kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 kati ya hizo hubaki huko juu kwa ajili ya vitabu. 6,000 ndizo zinazoteremka hadi kwenye akaunti ya shule. Zigawe kwa siku 194 za masomo. Mwalimu mkuu wa Rulenge au Nyakahura anabaki na pesa isiyofika shilingi 31 kwa mtoto mmoja kwa siku. Kwa pesa hiyo anatakiwa anunue chaki na karatasi, achape mitihani, atengeneze mlango uliong'oka, asafiri kwenda halmashauri na asimamie michezo. Shilingi 31 hazinunui hata pipi dukani.

Tunalisema hili bila kumung'unya maneno. Elimu bila malipo ni sera njema iliyonyimwa fedha, na kwa wilaya za Ngara na Biharamulo imegeuka dhuluma. Wa kuwajibika ni Hazina, TAMISEMI na Bunge linalopitisha mafungu yao kila mwaka, na madiwani wa halmashauri hizi mbili nao wasijifiche nyuma ya Dodoma.

Kiwango cha shilingi 10,000 kilipangwa mwaka 2002 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, baada ya ada kufutwa. Wakati ule kilikuwa sawa na dola 10 za Marekani. Tangu hapo karatasi imepanda bei, saruji imepanda, nauli imepanda, mafuta yamepanda, na kiwango kimekaa pale pale. Leo shilingi 10,000 ni kama dola 4. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, ulipoanza kutekelezwa Januari 2016 ulikikuta kiwango hicho kimeshaliwa na mfumuko wa bei, ukakichukua kama kilivyo. Jirani zetu wa Kenya hulalamika mwaka hadi mwaka kwamba fedha za shule ni chache na zinachelewa, na wana haki ya kulalamika. Lakini mwanafunzi wao wa msingi ametengewa shilingi 1,420 za kwao, takribani dola 11.

Lipo kosa kubwa kuliko uchache wa fedha. Ruzuku hii huhesabiwa kwa kichwa, na kila kichwa kina bei moja nchi nzima. Shule ya Oysterbay, Dar es Salaam, na shule iliyo Murusagamba, mpakani na Burundi, zinapimwa kwa kibaba kimoja. Ya kwanza imezungukwa na wazazi wenye mishahara na iko chini ya halmashauri yenye mapato ya ndani ya mabilioni. Ya pili imezungukwa na wakulima wa ndizi, maharage na kahawa ambao pesa taslimu huziona msimu wa mavuno, na msimu ukiharibika hawazioni kabisa. Shule shikizi yenye watoto 120 ndani ya Biharamulo, mahali ambapo kijiji kipya kimeota kabla ya barabara, hupata shilingi 720,000 kwa mwaka mzima, yaani 60,000 kwa mwezi. Chaki haiwi rahisi kwa sababu shule ni ndogo. Kwa kweli huko mbali chaki ni ghali zaidi, maana kuna nauli ya kuifuata.

Yupo atakayesema mgawo huo ni wa haki kwa kuwa ni sawa kwa wote. Hatukubali. Afrika Kusini, pamoja na matatizo yake yote, ilizipanga shule zake za umma katika mafungu matano kwa kufuata umaskini wa jamii zinazozizunguka, na fungu la chini ndilo linalopelekewa zaidi kwa kila mtoto. Tanzania ina takwimu za sensa za hadi kitongoji. Inajua nani ana umeme, nani anachota maji kwenye chanzo gani. Kinachokosekana ni uamuzi.

Na sensa hiyo hiyo inatoa onyo. Mwaka 2012 Biharamulo ilikuwa na watu wapatao 323,000. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 450,000, ongezeko linalopita theluthi moja ndani ya miaka kumi. Watu wamehamia kwa sababu ya mashamba, malisho na dhahabu, na wamekuja na watoto. Walimu hawakuhamia kwa kasi hiyo.

Pengo hili linazibwa na mzazi, tena kimyakimya. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 uliyataja majukumu yake: sare, madaftari, matibabu, na chakula kwa mwanafunzi wa kutwa. Michango mingine ukaiita ya hiari, ikubaliwe na wazazi na ipate kibali cha ngazi za juu. Karatasini inapendeza. Kijijini, hiari ikipita mkononi mwa mtendaji hutoka ikiwa amri. Kuna mchango wa mlinzi, wa mitihani ya majaribio, wa mwalimu wa kujitolea, wa tofali, wa mchanga, debe la mahindi na kilo za maharage. Wananchi husimamisha boma la darasa kwa nguvu zao wakiahidiwa kwamba serikali itaezeka, kisha boma hunyeshewa msimu baada ya msimu hadi kuta zinaanza kumomonyoka. Hatuwalaumu wananchi kwa kujitolea. Nchi hii imejengwa hivyo tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Tunailaumu serikali inayohesabu jasho lao kama sehemu ya kudumu ya bajeti yake bila kuliandika popote.

Suala la chakula linatia uchungu zaidi kwa mtu wa Ngara, kwa sababu jibu lake liko ng'ambo ya daraja la Rusumo. Rwanda ilieneza mlo wa mchana kwa wanafunzi wote kuanzia mwaka 2021. Mzazi wa shule ya msingi akapangiwa faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na serikali. Rwanda si nchi tajiri kuliko Tanzania, na haina ardhi ya kulima kama yetu. Upande huu wa Mto Kagera tulitoa mwongozo wa chakula shuleni mwaka 2021, na mwongozo ukamrudishia mzazi mzigo wote. Kwa hiyo mtoto ambaye baba yake hakuvuna hukaa na njaa hadi saa tisa alasiri, au huacha kuja. Mwalimu anaujua utoro wa miezi ya kulima kuliko anavyoujua mtaala.

Kuhusu walimu, ukweli unajulikana na umejulikana kwa muda mrefu. Mwalimu hupangiwa Ngara au Biharamulo, huripoti, hukaa miaka michache katika chumba cha kupanga mbali na shule, kisha huanza kutafuta wa kubadilishana naye kituo. Hatumwoni kuwa msaliti. Mwaka 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo kikidai, pamoja na mengine, nyongeza ya asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Mahakama iliamuru mgomo usimame, walimu wakarudi darasani, na dai likabaki mezani hadi leo. Mwaka 2025 wahitimu wa ualimu waliomaliza vyuo tangu 2015 walijitokeza hadharani kuomba ajira. Nchi yenye madarasa yasiyo na walimu na walimu wasio na madarasa haina haki ya kusema tatizo ni upungufu wa wataalamu.

Wilaya hizi si ombaomba. Kwa miaka mingi zimebeba mizigo ya taifa zima. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na Ngara ikawapokea. Misitu ikaisha kwa kuni, na silaha za vita vya wengine zikabaki ardhini. Novemba 2017 bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, likaua wanafunzi watano na kujeruhi makumi. Wilaya iliyolipa gharama ya namna hiyo kwa ajili ya ujirani mwema wa Tanzania haipaswi kuambiwa kwamba mtoto wake ana thamani ya shilingi 31 kwa siku.

Tena mali ipo. Biharamulo imechimbwa dhahabu ya Tulawaka tangu mwaka 2005, na tangu 2013 mgodi huo uko chini ya STAMICO, shirika la umma. Ngara ina nikeli ya Kabanga, ambayo serikali ilitia saini mkataba wake Januari 2021 na kujihakikishia asilimia 16 ya hisa. Malori ya Kigali, Bujumbura na Kongo hupita Nyakanazi na Lusahunga usiku na mchana. Sheria inazipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya kampuni, na inazitaka kampuni za madini kukubaliana na halmashauri juu ya miradi ya jamii. Hapa ndipo tunapowageukia madiwani. Ni kiasi gani cha ushuru huo kimeingia shuleni, shule ipi, kwa kazi ipi? Mwananchi hawezi kulisoma jibu hilo kwenye ubao wowote wa matangazo wa kata, na baraza lisiloweza kulibandika linaidhoofisha hata hoja yake lenyewe linapodai zaidi kutoka Hazina.

Saa nayo inakimbia. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Maana yake ni kwamba mwaka 2027 watamaliza msingi kwa pamoja wale wa darasa la saba na wale wa darasa la sita, na Januari 2028 mikondo hiyo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza siku moja. Sekondari za kata za Ngara na Biharamulo zinabanana hata kwa mkondo mmoja. Fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, nasi tunazisifu. Miradi ya mkopo ya BOOST na SEQUIP imeongeza mengine. Ila majengo ya mkopo hayafundishi, na uamuzi wa kumlazimisha mtoto asome miaka kumi unailazimisha serikali kwanza kumwekea mwalimu, dawati, choo na bweni la msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda na kurudi.

Ruzuku irudishwe walau kwenye thamani yake ya mwaka 2002, ambayo kwa leo ni zaidi ya shilingi 25,000, na sehemu inayofika shuleni iongezwe, si ile inayobaki juu. Shule ndogo na za pembezoni zipewe kiwango cha juu kuliko za mijini. Posho ya mazingira magumu iandikwe katika bajeti, pamoja na nyumba za walimu zenye majina ya vijiji zitakapojengwa. Na TAMISEMI itangaze, sekondari kwa sekondari, imejipangaje kwa Januari 2028.

Wabunge wa majimbo ya Ngara na Biharamulo watakaa tena kwenye kikao cha bajeti. Fungu la TAMISEMI likiletwa na ruzuku ya mwanafunzi ikiwa bado ni ile ile ya 2002, wasimame waseme hapana, na kura yao iandikwe kwenye Hansard.