Ukope wa Mtoto si Kazi ya Hirizi

Ewe mzazi wa Kiislamu! Mwanao akizaliwa na ukope ulioanguka ukafunika mboni, au ukope wenye pengo kama uliomegwa, wamkimbilia nani? Pwani atanyweshwa kombe. Huku Izigo, katika wilaya ya Muleba, atavishwa hirizi. Na kote utasikia neno moja: "Ndivyo alivyoumbwa, msiguse umbile la Mungu."

Neno hilo lina sura ya uchamungu, lakini ndani yake mna uvivu wa kufikiri. Kilichokatazwa ni kugeuza umbile lililo sawa kwa ajili ya pambo. Kuondoa madhara ni jambo jingine. Sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake katika vita vya Kulab. Alitengeneza ya fedha, ikamnukia, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa mwanamume! Utasema: yule alijeruhiwa, huyu kazaliwa hivyo. Mbona basi azaliwaye bila tundu la haja kubwa hukimbizwa hospitali, wala hakuna asemaye aachwe?

Sasa sikiliza. Mtoto hazaliwi akijua kuona. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Mboni ikifunikwa, haujifunzi. Na mtoto akishapita miaka saba au minane, hata ukope ukiinuliwa, ni shida uoni kutimia. Penye pengo, kioo cha jicho hukauka, kikafanya kidonda, kisha kovu jeupe. Daktari huufupisha msuli dhaifu wa ukope, au huutundika ukope kwenye msuli wa paji la uso, pengo hulishona. Ukope ulioshuka kidogo huweza kungoja miaka mitatu hata mitano. Ufunikao mboni haungoji. Lakini hukumu ya kungoja ni ya daktari, si ya jirani wala ya mganga. Mwanao akiinua kidevu kila atazamapo, hiyo ni dalili.

Mabingwa wa macho wapo Bugando, Mwanza, KCMC, Moshi, Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam. Utasema nauli ni kubwa. Harusi twachangishana mpaka ngoma ikakesha. Je, nauli ya kumwokoa mtoto na upofu ndiyo itushinde? Nanyi maimamu, changisheni baada ya Ijumaa.

Dua hatuikatai. Msomeeni mtoto njia nzima, lakini njia hiyo iwe ya hospitali. Kwani Mtume mwenyewe ametuamuru tujitibu.

Wabillahi tawfiq.