HORI LISILO NA SAKAFU SI HORI



Jambo hili tumeshalisema mkutanoni, likapigiwa makofi, na kesho yake majani yakamwagwa mchangani vilevile. Basi leo tunalibandika hapa, kila apitaye alisome.

Wanyama wetu wa gari tunawalisha chini. Na chini ya Paje ni nini? Ni mchanga mtupu. Punda akivuta tonge la majani huvuta na mchanga. Mchanga mzito, hautoki wote. Hutuama utumboni siku hadi siku mpaka tumbo linafunga. Punda wetu aliyekufa kabla ya masika alikuwa akilala, akiinuka, akijitazama ubavuni, akiparapara ardhi kwa kwato. Wakatokea watu wakasema karogwa. Hakurogwa! Asiyeamini achukue mavi mabichi ya yule aliyebakia, ayatie kwenye chupa ya maji, akoroge, ayaache yatulie. Kitachobaki chini atakiona kwa macho yake.

Ng'ombe naye hachambui anachomeza. Msumari, waya, mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Zanzibar tangu 2006 na bado inapeperuka ufukweni, vyote humo humo.

Kamati imekubali hori linunuliwe. Vyema. Lakini hori gani? Wamo wenzetu waliopendezwa na picha ya lile duara kubwa la vyuma wanalolishia farasi huko Ulaya na Marekani: robota zima la majani makavu linatiwa kati, wanyama wanalizunguka. Kwa picha, zuri. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, tuliipitia karatasi ile herufi kwa herufi tukitafuta neno sakafu. Halimo! Ule ni ua wa chuma tu, majani yanakaa juu ya ardhi ile ile. Tutakuwa tumenunua duara la kuzungushia mchanga, tena kwa fedha za mwani, zao lililoanza kulimwa hapa 1989, na ambalo mama zetu wanalifuata majini mpaka kiunoni. Na chuma chenyewe kwa upepo huu wa chumvi? Tazameni nondo za madirisha ya nyumba za pwani.

Mwenzetu mwenye shemeji anayechomelea vyuma mjini tunamuomba kwa heshima asipige kura.

Wapo na wazee wetu wanaosema mababu walilisha chini na wanyama hawakufa. Shikamooni wazee, lakini mababu walifunga ng'ombe mawandani, akala majani yaliyosimama. Sisi tunakodi gari kuleta mabua ya mpunga kutoka Cheju, tunayamwaga chini, yanakanyagwa, yanakojolewa, ng'ombe anayasusa. Nauli yetu hiyo imekwenda na mkojo.

Rai yetu ni hori la mbao za mvinje, refu, wote wale kwa pamoja na wenye pembe wasiwasukume wenzao. Liwe na sakafu iliyoinuliwa kiasi cha goti la mtu, mnyama ainamishe kichwa kama yuko malishoni. Sakafu itobolewe matundu ya kutoa maji. Mbao za ubavuni zikaribiane, pembe wala kwato isinase, na vichwa vya misumari vizamishwe ndani. Chini yake tupange mawe (mawe Paje hatununui!) na saruji kidogo juu, maana yanayoanguka wataokota tu. Na paa la makuti ni lazima: majani yakirowa masika huota ukungu, na punda hauvumilii ukungu kama ng'ombe.

Fundi yupo, makuti yapo. Kinachokosekana ni watu kuacha kubishana barazani.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, chini ya mkungu. Mwenye msumeno aje nao. Chupa ya mavi itakuwepo mezani.

Katibu wa Chama, Paje