KRIKETI SI MALI YA DAR ES SALAAM PEKE YAKE

Kriketi na Buseresere, wapi na wapi? Swali hili tumeulizwa na ndugu zetu, nasi tunalipokea kwa moyo mweupe, maana ndilo jambo hasa tunalotaka kulisema.

Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2025, nchi 8 za Afrika zilikutana Harare, Zimbabwe, kugombea nafasi 2 tu za Kombe la Dunia la 2026 la kriketi ya ova 20. Huu ndio mchezo mfupi: kila upande hurushiwa mipira 120, na mwenye mbio nyingi ndiye mshindi. Tanzania ilikuwamo, wala haikualikwa kwa hisani ya mtu. Ilijipatia haki hiyo Dar es Salaam mwezi wa Septemba 2024, katika mchujo wa kwanza, ambapo Tanzania na Malawi ndizo zilizopita.

Huko Harare vijana wetu walifika nusu fainali. Uganda, waliokwenda Kombe la Dunia la 2024, wakabaki nje. Tarehe 2 Oktoba tukakabiliana na Namibia. Wao walipata mbio 174, sisi 111. Nafasi 2 zikachukuliwa na Namibia na Zimbabwe. Ushindi mmoja tu ndio uliotutenga na Kombe la Dunia. Mapema mwaka huohuo wadogo zao, wasiozidi miaka 19, walikuwa wameshinda mchujo wa Afrika uliofanyika Nigeria, wakapata nafasi ya Kombe la Dunia la vijana kwa mara ya kwanza katika historia yetu.

Tunawapongeza wote. Lakini pongezi peke yake haijengi timu. Lazima tuulize: wachezaji wa kesho watatoka wapi?

Mchezo huu uliletwa na Waingereza, ukakaa ndani ya klabu zao na za ndugu zetu wa asili ya Asia. Mwananchi wa kawaida aliuona kwa kuchungulia nje ya ua. Mwaka 1975 timu moja ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kucheza Kombe la Dunia la kwanza. Wachezaji wake wengi walikuwa wa asili ya Asia, na ilishindwa michezo yote 3. Hatuwabezi hata kidogo. Hao ndio walioutunza mchezo huu wakati wengine tumeupa mgongo, na walikuwa wana wa Afrika Mashariki kama sisi. Tunalosema ni kwamba mti wenye mzizi mmoja hauhimili upepo.

Tuwatazame majirani. Uganda waliupeleka mchezo shuleni, na vijana wa mitaa ya watu maskini ya Kampala wakaingia timu ya taifa. Novemba 2023, katika mchujo wa Afrika huko Windhoek, waliishinda Zimbabwe, wakapata nafasi ya Kombe la Dunia, na Zimbabwe ikakosa. Rwanda nayo haikutawaliwa na Mwingereza. Kriketi ililetwa na Wanyarwanda waliorudi kutoka ukimbizini baada ya 1994, na mwaka 2017 wakafungua kiwanja kizuri cha Gahanga, Kigali. Nani basi atasema kwamba huu ni mchezo wa kabila fulani au rangi fulani?

Sasa turudi Buseresere. Mji huu na Katoro ni kama mtu na ndugu yake: mmoja uko Chato, mwingine Geita, na mgeni apitaye hajui mpaka uko wapi. Ni mji wa biashara na dhahabu, wenye watu kutoka kila pembe. Watoto ni wengi, na mikono yao ina nguvu. Lakini wako wanaotupa daftari wakafuata maduara ya dhahabu, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachowaita jioni.

Wengine watasema: shule hazina madawati, nanyi mnadai magongo? Tunajibu: dai la madawati halifutwi na dai la mchezo. Gongo la kujifunzia huchongwa na seremala wa hapahapa. Mpira wa tenisi unatosha kuanzia. Kitu kisichochongwa wala kununuliwa tena ni kiwanja. Kiwanja cha shule kikishamegwa na kugeuzwa vibanda vya biashara, hakirudi.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, kila kiwanja cha shule kipimwe na kiwekewe mipaka, na wanachama wetu katika vijiji na mitaa wawe macho. Pili, wakuu wa kriketi Dar es Salaam walete walimu huku, wawafundishe walimu wetu wa michezo, wavulana na wasichana wacheze. Tatu, tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye leseni hupanga kila mwaka pamoja na halmashauri mambo atakayowafanyia wananchi. Viwanja vya watoto na viandikwe katika mipango hiyo.

Wala tusiambiwe kwamba mkoa huu hauwezi. Mwaka 2021 timu ya Geita Gold ilipanda Ligi Kuu ya mpira wa miguu, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya 4. Ilishuka mwaka 2024, ni kweli, lakini nchi nzima ilikwisha kuona.

Dhahabu iliyo chini ya ardhi yetu ina siku yake ya kwisha. Iliyo katika mikono ya watoto wetu huzaliwa kila mwaka. Tusiiache ipotee kwa kukosa kiwanja.