Kuvuka Mpaka Si Kujumlisha

Neno limeenea miongoni mwa vijana wetu, nalo latusikitisha. Wameliona katika simu zao, na waalimu wengine hulirudia darasani ili wanafunzi wastaajabu: ati ukijumlisha 1 na 2 na 3 na 4, ukaendelea pasipo mwisho, jumla yake ni kasoro 1/12, yaani pungufu ya sifuri. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, yawezekanaje?" huambiwa kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, anyamaze. Sisi twasema mtoto hakukosa kuuliza. Aliyekosa ni yule aliyemnyamazisha.

Na tulieleze jambo lenyewe toka mwanzo. Chukua 1, ongeza x, ongeza x mara x, ongeza x mara x mara x, na kuendelea. Kama x ni nusu, twapata 1 na nusu na robo na thumuni, na jumla yazidi kuikaribia 2. Ipo na kanuni fupi itoayo jibu lile lile: toa x katika 1, kisha gawanya 1 kwa kilichobaki. Kwa nusu, kanuni yatoa 2. Jumla na kanuni zapatana, walakini kwa mpaka: sharti ukubwa wa x usifike 1.

Sasa vuka mpaka, useme x ni 2. Kanuni haikukatika; yatoa kasoro 1. Je, jumla? Mtu akikupa shilingi 1 leo, kesho 2, kesho kutwa 4, akizidisha mara mbili kila siku, siku ya kumi umekwisha pokea shilingi 1,023. Ni nani atakayekuambia kwamba akiendelea hivyo daima utabaki na deni la shilingi moja? Lakini ndivyo wasemavyo hao.

Hatuidharau elimu ya kuendeleza kanuni. Ni elimu bora. Kanuni laini za namba changamano, ambazo wataalamu huziita holomofiki, zina tabia ya ajabu: zikijulikana katika kipande kidogo cha eneo lililoungana, zimejulikana katika eneo zima, wala haziwezi kuendelezwa humo kwa namna mbili. Tena si zote zivukazo. Jumla ya x na vipeo vyake vya 2, 4, 8, 16 na kuendelea imezungukwa na duara kama ua lisilo na mlango, haivuki popote.

Mwaka 1859 Bernhard Riemann wa Ujerumani aliiendeleza kanuni iitwayo zeta, ambayo ndani ya mpaka wake hupatikana kwa kujumlisha. Nje ya mpaka, mahali pa kasoro 1, kanuni hiyo hutoa kasoro 1/12. Ni kweli kabisa. Ila mtu akiiandika ile jumla ya zamani mahali hapo, huonekana kuwa 1 na 2 na 3 na 4. Ndipo uwongo ulipoingia.

Watatujibu kwamba hata Ramanujan wa India aliandika hivyo. Naam, alimwandikia Hardy wa Uingereza mwaka 1913. Lakini alisema kwamba ni kwa nadharia yake mwenyewe. Yeye aliweka sharti, ninyi mwaliondoa.

Alama ya sawasawa ni mizani. Mwanafunzi aliyezoezwa kuikubali ingawa imepinda, kesho ataletewa hesabu ya mkopo au ya mazao yake, naye atatia sahihi pasipo kuuliza, maana alifundishwa kwamba kuuliza ni ujinga.

Basi, waalimu wenzetu, twawaomba maneno mawili tu. Ndani ya mpaka, jumla na kanuni ni kitu kimoja. Nje ya mpaka, imebaki kanuni peke yake. Mtoto akiambiwa hivyo atastaajabu vile vile, na atakuwa amestaajabia kweli.