Utamaduni Haukubaki Kijijini

Tumeaminishwa, nasi tukaamini, kwamba utamaduni ni kitu cha kijijini. Mtu akishuka stendi ya mabasi Dar es Salaam, ameshauacha nyuma pamoja na jembe la baba yake. Akiuhitaji tena ataufuata Desemba, au siku ya msiba. Mjini ni pesa tu. Maneno haya nayasikia kwa wazee, nayasikia redioni, na mbaya zaidi nayakuta kwa vijana wanaosoma anthropolojia, elimu ambayo kazi yake ni kuchunguza namna binadamu wanavyoishi pamoja. Ni imani potofu, na imewapotezea wanafunzi wetu mengi.

Chukua kijana anayeuza vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Usiku, duka likishafungwa, anasoma mtandaoni somo la utangulizi wa anthropolojia ya utamaduni. Si jambo la ajabu tena: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii, wenye kazi na familia, na vyuo vya nje vimemfungulia masomo ya mwaka wa kwanza yeyote mwenye bando. Mwalimu anatoa kazi: chagua jamii moja, eleza mila zake. Kijana anawachagua Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hajawahi kuwaona. Anaokota aya hapa na pale, anabandika picha ya mtu mwenye upinde, anatuma. Katika kazi yake Wahadzabe wanawinda, wanachimba mizizi, wanalina asali, basi. Kwamba mwaka 2011 baadhi yao walipewa hati ya kimila ya ardhi yao katika bonde la Yaeda, baada ya kuipigania kwa miaka, hakuna hata mstari mmoja. Kwa hiyo amewakosea mara mbili: amewageuza Wahadzabe kuwa picha ya ukutani, na amejifuta yeye mwenyewe katika orodha ya watu wenye utamaduni.

Imani hii ina wazazi wake. Anthropolojia ilikulia mikononi mwa mataifa yaliyotutawala, na kwa muda mrefu ilimtafuta Mwafrika porini. Okot p'Bitek wa Uganda alikwenda kuisoma Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960, akamkuta mwalimu akiwaita Waafrika washenzi tangu mhadhara wa kwanza. Alipinga, hakusikilizwa, na baadaye akayaandika hayo katika kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika. Huku kwetu serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni: asiye na kazi alikamatwa, akarudishwa kwao. Uwanja wa Mnazi Mmoja, huu tunaoukatiza kila siku kwenda sokoni, watawala waliuacha wazi ili utenganishe Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi. Nasi baada ya uhuru hatukuachana na fikra hizo. Mwaka 1983 ukaja msako wa Nguvu Kazi, watu wakapakiwa kwenye magari warudi wakalime. Shuleni, utamaduni ukawa ngoma ya kumpokea mgeni rasmi na safari ya Kijiji cha Makumbusho kutazama nyumba za nyasi.

Sasa turudi kwenye simu ya kijana wetu. Simu ileile aliyofungulia somo ina kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Kila jioni mweka hazina anabandika orodha upya: namba, jina, ahadi, kilicholipwa. Aliyemaliza anawekewa tiki. Aliyekaa kimya, jina lake linabaki wazi mbele ya watu wote. Hakuna anayemsema, orodha inatosha. Kiasi fulani kinakupa kadi ya singo, ukiongeza unapata ya dabo, na chini ya hapo ni asante tu. Mwenye duka la vitenge Mtaa wa Uhuru anamchangia mteja wake wa jumla kutoka Tunduma, mtu ambaye hajawahi hata kunywa naye chai, kwa sababu mwakani ataoza binti yake, na anajua daftari la nani litafunguliwa. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Kijana anaukariri wajibu huo kwa ajili ya mtihani, akidhani ni habari za watu wa visiwa vya Pasifiki. Ahadi yake mwenyewe ameshaanza kudaiwa.

Au nenda msibani. Turubai limefungwa katikati ya mtaa, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, wanawake wako ndani kwenye mikeka. Mara anatokea mtu amevaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anafoka kwa sauti yake. Wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka, na jeneza halitoki mpaka mtani huyo apewe chochote. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika makala maarufu kuhusu utani mwaka 1940, na miaka hiyohiyo Moreau, mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani, aliandika juu ya utani wa Tanganyika. Mtaani kwetu watani wanaendelea na kazi yao, na Mzaramo anazikwa na Msukuma akimzomea. Watu waliokutana mjini wakitoka pande mbalimbali walihitaji namna ya kuzikana bila kuwa ndugu, nao wanayo. Utamaduni gani mwingine tunautafuta?

Barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina la Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipohitaji wanawake mwaka 1955, yeye aliwafuata viongozi wa vikundi kama chake, nao wakaja na wanachama wao. Vikundi vile vilikuwa vya mjini, vya wanawake wa makabila tofauti, wenye sare na Kiswahili chao. Harakati za uhuru zilipita humo, na anayesema mjini hakuna utamaduni anaifuta historia hiyo pia.

Wapo watakaoniambia kwamba anthropolojia haifundishiki mtandaoni, kwa kuwa msingi wake ni kuishi na watu. Kuhusu msingi huo, wako sahihi. Mwanaanthropolojia Malinowski alikaa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza lugha, akapiga hema kijijini. Lakini mwanafunzi wa Kariakoo ameshaishi na watu wake. Anapanga nao, anakopa kwao, anazika nao. Anachokosa ni mtu wa kumfundisha kuyashangaa aliyoyazoea, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kusafiri hadi Eyasi. Somo la mtandaoni linaweza kuifanya, kama mwalimu anaitaka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa somo hili. Kijana wa Kariakoo akiwaletea Wahadzabe wa kuokota mtandaoni, mrudishieni kazi yake. Mwambieni aanze na kundi lake la michango: aombe ruhusa kwa wenzake, afiche majina, aulize nani anamdai nani tangu lini, na kwa nini mtu mwenye deni la kodi ya chumba anatanguliza kulipa ahadi ya harusi.